MTAKATIFU DANIELE COMBONI
Raia wa ufalme wa makabila mengi, baba wa wakristu wa mto Nili



Mvua inayonyesha juu ya mgongo wa inchi yetu, pale mpaka wa Congo na Uganda unapopita, hugawanyika njia mbili. Maji ya upande wa Arua yanashuka kwenda mto Nili; maji ya upande wetu yanaelekea Uele, na mwishoni yanafika mto Congo. Wakubwa wa Ulaya waliochora mpaka huo walifuata maji, hawakufuata watu. Ndiyo maana Walugbara, Wakakwa na Wakaliko wanaonekana pande zote mbili, na mtu wa Aru anaweza kuwa na mjomba wake katika serikali nyingine.

Katika jubile hii inafaa tukumbuke maisha ya mtu mmoja aliyejua vizuri maneno ya mipaka na ya makabila. Yeye alizaliwa katika ufalme mkubwa wa Ulaya wenye makabila mengi, akatembea kwa wafalme na maaskofu kuomba msaada kwa ajili ya Afrika, kiisha akafa kando ya Nili akiwa na miaka 50. Jina lake ni Daniele Comboni.

1. INCHI ALIMOZALIWA

Daniele alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka 1831, kwa Limone, kijiji kidogo kando ya ziwa Garda, katikati ya ziwa na milima mirefu. Baba yake Luigi na mama yake Domenica walikuwa wafanyakazi wa tajiri mmoja mwenye mashamba ya malimau. Walizaa watoto wanane. Kifo kikawachukua wengine mapema, akabaki Daniele peke yake.

Wakati ule hapakuwa na dola moja yenye kuitwa Italia. Tangu mwaka 1815, wakubwa wa Ulaya walipokutana Vienna kugawanya inchi baada ya vita vya Napoléon, sehemu za Lombardia na Venezia ziliwekwa chini ya Kaisari wa Austria. Kaisari huyo alitawala Wajerumani, Wahungaria, Wacheki, Wapolanda, Waslovaki, Waslovenia, Wakroatia, Waromania, Waitalia na wengine tena. Kila kabila lilikuwa na lugha yake, nyimbo zake na kumbukumbu ya wazee wake. Lakini jeshi, kodi na amri kubwa zilitoka Vienna.

Ufalme wa namna hiyo una uzuri wake na ugonjwa wake. Uzuri ni kwamba mtoto wa kijiji cha ziwa aliweza kusoma na kusafiri kati ya watu wa lugha nyingi, akajua tangu ujana kwamba Mungu hana kabila. Ugonjwa ni kwamba kabila lisilosikilizwa huweka uchungu moyoni, na uchungu ukikaa sana unazaa vita.

Daniele aliona mambo hayo kwa macho. Mwaka 1843 alipelekwa Verona, katika nyumba ya Padri Nicola Mazza, aliyefundisha vijana wenye akili waliokosa mali. Verona ulikuwa mji wa ngome na askari. Mwaka 1848, Daniele akiwa na miaka 17, moto wa mapinduzi uliwaka katika ufalme mzima: Vienna, Budapest, Praha, Milano, Venezia. Waziri mkuu Metternich, aliyekuwa ameshika siasa ya Austria kwa miaka mingi, alikimbia. Kazi ya lazima ya wakulima kwa mabwana wa mashamba ilifutwa. Mwisho wa mwaka Kaisari Ferdinand alijiuzulu, na kijana Franz Joseph, mwenye miaka 18, akaketi katika kiti chake. Maasi yalizimwa kwa nguvu za jeshi, lakini maulizo ya makabila hayakupata jibu.

2. NJIA YA VIENNA NA NJIA YA NILI

Labda msomaji atauliza: Kaisari wa Austria alikuwa na shauri gani na mto wetu wa Nili?

Mwaka 1846 Baba Mtakatifu Gregorio XVI alianzisha Vikarieti ya Afrika ya Kati, yenye makao yake Khartoum. Inchi ile ilikuwa chini ya watawala wa Misri, na Misri ilikuwa chini ya Sultani wa Waturuki. Misioni katika utawala wa namna ile ilihitaji mlinzi mwenye sauti mbele ya Sultani. Ndipo Padri Ignacij Knoblehar, Mslovenia na raia wa Austria, alipokwenda Vienna mwaka 1850. Kaisari kijana alikubali kuwa mlinzi wa misioni. Konsuli wa Austria aliwekwa Khartoum, na shirika la wakristu likaanzishwa Vienna kukusanya sadaka. Mashua ya misioni, iliyoitwa Nyota ya Asubuhi, ilipanda Nili mpaka Gondokoro kwa Wabari, katika inchi inayoitwa leo Sudan ya Kusini.

Tusiwe kama watoto katika kusoma habari hizi. Kaisari alikuwa mkatoliki, na bila shaka alitaka kusaidia Evanjili. Lakini serikali yake ilitazama pia biashara ya Nili na heshima ya Austria kati ya mataifa. Ndivyo ilivyo kwa wafalme: mkono unaotoa sadaka na mkono unaotafuta faida hutoka katika mwili mmoja. Akili ya mmisionari ni kupokea sadaka bila kuwa mtumwa wa mtoaji. Comboni alijifunza akili hiyo pole pole.

Mwanzo wa mwaka 1849 alimsikia Padri Angelo Vinco, aliyetoka Khartoum, akisimulia habari za Waafrika na za biashara ya watumwa. Daniele akaahidi mbele ya Mungu kutoa maisha yake yote kwa Afrika. Vinco mwenyewe alirudi Nili, akafa mwaka 1853 kati ya Wabari. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 1854, Daniele alipewa upadri mjini Trento.

Sasa alikuwa na shida moja iliyomsumbua: wazazi wake. Mtoto mmoja tu waliyebaki naye, nani atawatunza? Aliomba shauri, akalia, akasali. Mwishoni wazazi walimpa ruhusa. Mwezi wa tisa 1857 aliondoka pamoja na wenzake wa nyumba ya Mazza.

3. MSALABA MTAKATIFU

Mwezi wa pili 1858 walifika misioni ya Msalaba Mtakatifu, kati ya Wadinka, kando ya Nili Nyeupe. Kisha wiki chache tu, Padri Francesco Oliboni alikufa kwa homa. Kabla ya kukata roho aliwaomba wenzake wasiache kazi, hata kama akibaki mmoja peke yake. Katika mwaka ule ule Padri Knoblehar alifariki kwa Napoli akiwa na miaka 38, na mama Domenica akafa Limone, mwana wake akiwa mbali. Wenzake wengine wa Comboni walizikwa mmoja kwa mmoja. Yeye mwenyewe, akiwa amechoka na homa, alirudi Verona mwaka 1859.

Alikuta nini? Vita. Mwezi wa sita mwaka ule, majeshi ya Ufaransa na Piemonte yalishinda jeshi la Austria kwa Solferino, si mbali na ziwa Garda. Lombardia ikatoka mikononi mwa Kaisari. Venezia na Verona zikabaki kwake. Hivi Limone, kijiji cha baba yake, kikaingia katika dola nyingine, na Verona, mji wa kazi yake, ukabaki Austria. Baba upande huu, mwana upande ule, na mpaka katikati. Watu wa Aru na Arua hawahitaji kufafanuliwa uchungu wa jambo hilo.

Makaburi ya wamisionari kwenye Nili yalizidi kuongezeka, na misioni za Gondokoro na Msalaba Mtakatifu zikafungwa. Wengi Ulaya walianza kusema kazi ya Afrika ya Kati iachwe, kwa kuwa Mungu mwenyewe ameifunga njia.

4. SHAURI LA MWAKA 1864

Comboni hakukubali. Tarehe 15 mwezi wa tisa 1864, akisali mjini Roma katika kanisa la Mtakatifu Petro, alipata wazo lililobadili maisha yake. Aliliandika upesi, akalipeleka kwa wakubwa wa Eklezia. Maana yake ni hii: Afrika itaokolewa kwa mikono ya Waafrika wenyewe.

Aliona makosa ya njia ya zamani. Mzungu aliyeingia ndani ya bara alikufa haraka. Na kijana Mwafrika aliyepelekwa Ulaya alirudi mgeni kwa watu wake, au hakurudi. Basi zijengwe nyumba za mafundisho kando kando ya Afrika, mahali ambapo Mzungu anaweza kuishi na Mwafrika habadiliki kuwa mgeni. Humo wafundishwe vijana wanaume na wanawake: makatekista, walimu, mafundi wa kazi za mikono, wauguzi, mama wa nyumba za kikristu, na mapadri. Kutoka huko wataingia ndani, kwa watu wao. Wanawake hakuwasahau: aliamini hakuna Eklezia itakayosimama bila wao.

Hapa ni lazima kusema kweli yote. Maneno mengine aliyotumia Comboni juu ya watu weusi yalikuwa maneno ya Wazungu wa wakati wake, na leo hatuwezi kuyakubali. Lakini tumpime pia kwa kile alichotenda. Wakati wenye elimu wengi wa Ulaya walipobishana kama Mwafrika anaweza kufundishwa, yeye alikuwa tayari kumkabidhi Mwafrika Eklezia.

5. MWOMBAJI KATI YA WAFALME

Shauri bila franka ni karatasi. Kwa hiyo Comboni akawa msafiri: Roma, Torino, Lyon, Paris, Cologne, Vienna, London. Alisema Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza na Kiarabu, akaandika barua usiku na mchana. Shirika la Lyon, shirika la Cologne, shirika la Vienna: kila moja lilikuwa na desturi zake na wivu wake. Wafaransa hawakupenda kuona sadaka yao chini ya bendera ya Austria. Waitalia wa dola mpya walimtazama Kaisari kama adui. Wengine waliuliza kwa nini misioni iwe ya Verona na si ya kwao.

Jibu la Comboni lilikuwa lile lile siku zote: kazi hii ni ya Eklezia Katolika, haiwezi kuwa ya Waitalia, wala ya Wafaransa, wala ya Wajerumani peke yao. Katika nyumba zake aliweka pamoja watu ambao wafalme wao walikuwa wakipigana.

Mwaka 1866 Austria ilishindwa tena, safari hii na Prusia, na Verona ukaingia Italia. Comboni, aliyezaliwa raia wa Kaisari, sasa alikuwa raia wa mfalme wa Italia, na mfalme huyo alikuwa katika ugomvi na Papa. Mwaka 1867 Kaisari alilazimishwa kupatana na Wahungaria, na ufalme ukawa wa serikali mbili chini ya taji moja. Wahungaria walipata sauti. Wacheki, Wakroatia na wengine wengi walibaki wakinung'unika.

Katika mwaka huo wa mashaka, tarehe 1 mwezi wa sita 1867, Comboni alianzisha Verona shirika lake la wamisionari, kwa msaada wa Askofu Luigi di Canossa. Mwisho wa mwaka alifungua nyumba mbili Cairo, pamoja na mapadri, masista na wasichana Waafrika 16 waliosomeshwa Ulaya. Wasichana hao walikuwa walimu wa kwanza wa shauri lake. Mwaka 1872 alianzisha pia shirika la masista.

Katika Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, aliandika ombi la kuwakumbusha maaskofu wa dunia watu wa Afrika ya Kati, akapita kwa askofu mmoja baada ya mwingine kutafuta mikono ya kutia sahihi. Makumi ya maaskofu walikubali. Lakini vita vya Ufaransa na Prusia vilianza, askari wa Italia wakaingia Roma, na Mtaguso ukasimamishwa kabla ya kulijadili ombi lile.

6. KHARTOUM

Mwaka 1872 Roma ilimkabidhi Vikarieti nzima ya Afrika ya Kati, na mwaka 1873 akafika Khartoum. Konsuli wa Austria, Martin Hansal, aliyekuwa zamani mwalimu wa misioni, alimsaidia sana. Bendera ya tai wenye vichwa viwili ilikuwa bado ngao: mtumwa aliyekimbilia misioni, mwenye kumtafuta aliogopa kuingia.

El Obeid, mahali pa misafara ya watumwa, Comboni aliona watu wamefungwa shingo kwa miti kama ng'ombe. Alishtaki mambo hayo kwa wakubwa wa Misri, aliwanunulia wengine uhuru, na kwa Malbes akaanza kijiji cha jamaa za kikristu zilizokombolewa. Mmoja wa waliokimbilia misioni ya El Obeid alikuwa kijana Mdinka, Daniel Sorur Pharim Deng. Comboni alimpeleka kusoma. Mwaka 1887 akawa padri, miaka sita baada ya kifo cha aliyemlea. Vilevile Fortunata Quascé, binti wa Wanuba aliyetolewa utumwani, alikuwa sista wa kwanza Mwafrika wa shirika lake.

Msalaba haukukosekana. Wenzake wengine katika kazi walimshtaki Roma. Mashtaka yalichunguzwa mwaka 1876, naye akaonekana hana kosa. Mwaka 1877 alipewa uaskofu. Aliporudi Khartoum, ukame na njaa ya miaka 1878 na 1879 ilimngojea, pamoja na homa kali. Alizika mapadri, masista na mafundi, hata ikatokea kwamba askofu peke yake alikuwa padri, muuguzi na mchimba kaburi. Madeni yakamlemea.

Katika miaka hiyo Comboni alitamani sana kupeleka wamisionari mpaka kwenye maziwa makubwa. Lakini mwaka 1878 Roma iliwakabidhi Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie misioni za maziwa. Lilikuwa pigo kwake, lakini alitii. Kutoka katika njia ile ya Mapadri Weupe ndipo Evanjili ilipofika baadaye Bunia na Mahagi.

Comboni alikufa Khartoum tarehe 10 mwezi wa kumi 1881, usiku, kwa homa. Miezi michache mbele, Muhammad Ahmad alikuwa amejitangaza kuwa Mahdi. Vita vyake vilibomoa misioni zote za Sudan. Mapadri na masista walifungwa miaka mingi. Khartoum ulianguka mwezi wa kwanza 1885, na konsuli Hansal akauawa pamoja na wengine wengi. Mtu wa wakati ule angesema: kazi imekwisha.

7. KILE KILICHOANGUKA NA KILE KILICHOBAKI

Haikwisha. Wana wa Comboni walirudi Nili baada ya vita. Mwaka 1910 walifika Omach, katika Uganda ya kaskazini, na baadaye misioni zao zikaenea kwa Waacholi, Waalur, Wamadi na Walugbara. Wakristu wengi wa pande zetu wana ndugu waliobatizwa na mikono hiyo ngʼambo ya mpaka. Mwaka 1963 walianza kazi katika Congo yetu, upande wa Uele. Na katika uasi wa mwaka 1964, wakati ule ule ambapo Mwenye Heri Anuarite aliuawa Isiro, wanne kati yao waliuawa pia.

Na ufalme wa Austria? Mwaka 1914 ulianzisha vita kwa sababu ya ugomvi wa makabila yake na majirani. Mwaka 1918 ulivunjika vipande vipande. Wengi walikuwa wametoa mashauri mazuri ya kuugeuza, kusudi kila kabila lipate haki na sauti. Mashauri yale yalikawia, au yalifanywa nusu. Kaisari wa mwisho, Karl, aliahidi haki kwa makabila mwezi wa kumi 1918, siku chache kabla ya mwisho. Nyumba ilikuwa inawaka tayari.

Tupime mambo haya mawili. Ufalme wenye majeshi, mahakama na reli ulivunjika kwa kuwa uliwaunganisha watu bila kuwasikiliza. Kazi ya mtoto wa mtunza malimau, isiyokuwa na jeshi, ilibaki kwa kuwa aliwakabidhi wengine nafasi ya kuiendeleza.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Comboni Mwenye Heri tarehe 17 mwezi wa tatu 1996, na Mtakatifu tarehe 5 mwezi wa kumi 2003. Muujiza uliokubaliwa kwa utakatifu wake ulikuwa uponyaji wa mama mmoja mwislamu wa Sudan, kwa Khartoum. Hata mbinguni, Comboni hakuuliza kabila wala dini ya mgonjwa.

Mwaka 2003! Wandugu, mwaka huo hakuna mtu wa Ituri atakayeusahau. Mwezi wa tano Bunia ilijaa maiti, na jirani alimwua jirani kwa sababu ya jina la kabila lake. Wakimbizi walipita njia zetu wakiwa na watoto mgongoni. Katika miezi ile ile Eklezia ilikuwa inatengeneza sherehe ya mtu aliyefundisha kwamba kazi ya Mungu si ya taifa moja.

Basi jubile ya parokia si siku ya kula na kucheza ngoma tu. Ni siku ya kuhesabu. Katika halmashauri yetu ya parokia, je, kuna kabila linalokaa nyuma na kunyamaza? Katika nyimbo za Misa, je, kuna lugha ambayo haisikiki? Katekista wa kilima cha mbali, je, anafundishwa na kusaidiwa, au anakumbukwa siku za ubatizo tu? Wasichana wetu, je, wanapelekwa shuleni sawa na wavulana? Maulizo haya ni madogo mbele ya maulizo ya makaisari, lakini ni ya namna ile ile, na kuyakawilisha kuna hatari ile ile.

Mtakatifu Daniele Comboni atuombee mapadri watakatifu, makatekista wenye bidii na jamaa zenye amani. Awaombee ndugu wa Aru na ndugu wa Arua, kusudi mpaka uliochorwa na watu usigawanye kamwe meza ya Bwana.